Goti la Mmarekani

Siku mdogo wangu alipopata nafasi kwenye timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja kikubwa huko Marekani, wanaume watatu wa kanisa letu pale St Marys, Sydney, waligeuka wataalamu wa mpira wa kikapu siku hiyohiyo. Mmoja dereva wa teksi, mmoja anapanga maboksi ghalani, na wa tatu hana kazi, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa mtaalamu mkuu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutazama mechi mpaka mwisho. Lakini baada ya ibada, vikombe vya chai mkononi, walikuwa wanamchambua mdogo wangu kama vile wao ndio waliomnyonyesha.

"Mwaka huu wa kwanza tu atafunga pointi ishirini kila mechi," akasema dereva.

"Ishirini kidogo. Yule mtoto ana mikono."

"Kila mtu ana mikono, wazee wangu," nikasema.

"Wewe mfupi nyamaza. Hapa tunaongea mambo ya juu."

Ni kweli, mimi ni mfupi. Baba mmoja, mama mmoja, lakini urefu wote wa ukoo ulipita mlangoni kwangu bila kupiga hodi ukaenda kwake. Mimi nilifika Australia nina miaka kumi na tisa na cheti cha darasa la saba cha shule ya kambi ya wakimbizi Kigoma. Wakaniambia kwa sekondari umeshazeeka, wakanipeleka kozi ya Kiingereza, na baada ya kozi nikaingia chumba cha kufulia cha nyumba moja ya wazee kule Quakers Hill. Mpaka leo naweza kukunja shuka la kitanda kikubwa peke yangu, macho nimefumba. Yeye alifika ana kumi na mbili. Akaingia shule moja kwa moja, akanywa maziwa yao, akala zile nafaka zao za asubuhi zinazolia mdomoni, akaota kama mhindi uliopandwa nyuma ya choo. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa anainama kuingia bafuni kwetu. Mwalimu wa michezo akampa mpira, na kwenye kiganja chake ule mpira ukaonekana chungwa.

Chuo kilisema kitamlipia masomo, chakula na kitanda. Lakini kwa mwaka mmoja tu. Msimu ukiisha, mwezi wa tatu, kocha anakaa chini na kuamua nani anabaki na nani anarudi kwao. Na ile haikuwa timu ya kupotezea muda. Ni timu ambayo watu wanajaza uwanja kuja kuwaona wasichana wakirusha mpira, na TV zao zinaonyesha.

Sasa Mama. Mama alikaa kambini miaka kumi na moja, na kambini maisha yote ni orodha. Jina liko kwenye orodha, unapata unga. Jina haliko, hata ulie mpaka sauti ikauke, hupati. Orodha ya unga, orodha ya blanketi, orodha ya sabuni, na ile orodha kubwa kuliko zote iliyobandikwa ubaoni, ya wanaokwenda nje. Kwa hiyo Mama alikuwa na swali moja tu.

"Jina lake liko kwenye orodha ya timu?"

"Liko, Mama."

"Umeliona kwa macho yako?"

"Nimeliona. La kumi na tatu kati ya kumi na tatu."

"Sijakuuliza la ngapi. Liko?"

"Liko."

"Basi atacheza."

Nikamweleza kwamba uwanjani wanaingia watano tu.

"Na hao wanane wengine?"

"Wanakaa kwenye benchi. Wanapiga makofi."

Mama akaacha kuchambua mchele. "Yaani wamempandisha mtoto wangu ndege, masaa yote yale, akapige makofi? Makofi si angepigia hapahapa?"

Nikavuta sinia la mchele, nikamalizia kuchambua mimi.

Nyumbani hatukuwa na kompyuta, kwa hiyo nikawa mtu wa maktaba. Mechi zao zinachezwa jioni ya kwao, kwetu ni mchana wa kesho yake. Natoka kazini saa nane, napanda treni, nashuka St Marys, naingia maktaba, nakaa kwenye kompyuta kati ya mzee anayesoma farasi wa kucheza kamari na watoto wa shule wanaotakiwa kufanya homuweki. Nafungua ukurasa wa timu. Pale kila mchezaji ana mstari wake: dakika alizocheza, pointi, mipira aliyodaka, faulo. Mstari wa mdogo wangu ulikuwa wa mwisho, na haukuwa na kitu. Nataka uelewe vizuri. Sifuri ni heshima. Sifuri maana yake uliingia, ukahangaika, ukakosa. Mdogo wangu hata sifuri hakupewa.

Mechi ya kwanza hivyo. Ya tatu hivyo. Ya tisa hivyo. Kanisani wale wataalamu wakaanza kunywa chai yao mbali na mimi. Simu zikapungua. Kila akikwangua kadi na kupiga, ananiuliza mimi habari za St Marys, kama vile St Marys kuna habari.

"Yaya, huko mvua imenyesha?"

Kwetu Wakongo yaya ni dada mkubwa, sio mlezi wa watoto, ingawa kwa upande wangu vyote viwili ni sawa.

"Achana na mvua. Kocha anasemaje?"

"Anasema nisubiri."

"Usubiri nini?"

"Kuna mtu mbele yangu."

Sasa hapo ndipo tunafika kwa akina mama wa Jumatano.

Kila Jumatano saa kumi jioni sebule yetu inakuwa chumba cha maombi. Anayeongoza ni mke wa mchungaji, tunamwita mama mchungaji, mwanamke mpole mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wa pili ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anaishi Toongabbie na kazi yake ni kuogesha na kubeba wazee, ana mikono ya kung'oa mlango. Halafu Mama, na wengine wanne watano kutegemea shifti za kazi.

Mungu anajua yote, hilo hawabishi. Lakini akina mama wa Jumatano hawapendi kumchosha kutafuta. Wanamletea habari kamili. Ukiombewa kazi, wanataka jina la bosi na basi linalofika pale. Ukiombewa karatasi za kumleta mume, namba ya faili inasomwa mara mbili, taratibu, kama anayeandika ana kalamu mbovu. Kuna kaka mmoja aliyeanguka mtihani wa kuendesha gari Toongabbie, walimtajia Mungu mpaka ile kona aliyogongea ukingo wa njia. Na yule kaka akapita mara ya pili. Utawaambia nini?

Kwa hiyo siku Mama alipoleta hoja ya mdogo wangu, mama mchungaji akafungua daftari lake.

"Nani amekalia kiti cha mtoto wetu?"

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye mtu wa maktaba.

"Kuna msichana wa mwaka wa tatu," nikasema. "Wanacheza nafasi moja. Huyo akitoka, ndio yeye anaingia. Lakini huyo hatoki."

"Jina?"

"Jina gumu. Namba yake thelathini na mbili."

"Lete picha."

Jumatano iliyofuata nikaleta. Niliichapisha pale maktaba, nyeusi na nyeupe, mwili mzima toka kichwani mpaka viatuni: msichana mrefu wa Kizungu, msuko mmoja mgongoni, mpira kiunoni, anacheka. Goti la kushoto kavaa kitu cheusi. Wakaiweka mezani katikati ya vikombe, wakainamia kama madaktari.

"Mzuri," akasema shangazi, kwa masikitiko.

"Hiyo soksi ya goti ya nini?" akauliza mama mchungaji.

"Fasheni," nikasema mimi, mtaalamu wa nne.

Basi wakaanza kupanga.

"Tuombe Mungu amwondoe," akasema Mama.

"Amwondoe vipi? Usimwambie Mungu 'mwondoe' ukanyamaza hapo! Fafanua."

"Apate mchumba."

"Siku hizi wanaolewa na wanacheza."

"Apate mchumba wa mbali, amhamishe."

"Tajiri," akasema shangazi. "Wa mbali, tajiri, tena mwenye wivu, asitake mke wake avae kaptula mbele za watu."

"Wivu hapana. Mtoto wa watu tusimtafutie mateso. Mpole."

Wakakubaliana: tajiri, wa mbali, mpole. Hata mimi nilisema amina kwa nguvu, nikifikiri labda baki ya wachumba itaangukia kwangu.

Halafu wakaomba. Sisi hatuombi kwa zamu, tunaomba wote kwa pamoja, kila mtu na lake, mpaka jirani wa chini anagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Shangazi akapata moto. Macho amefumba, jasho linamtoka, "Kiti kiachwe! Kiti kiachwe sasa hivi!" na kwenye hiyo "sasa hivi" akapiga meza kwa kiganja. Vikombe vikaruka. Chai ikamwagika. Tulipofungua macho, kiganja cha shangazi kilikuwa kimetua juu ya picha, na alipokiinua kiliacha alama ya chai, vidole vyote vitano, kwenye miguu ya yule msichana. Mama akaifuta kwa kanga, akaiweka kwenye droo ya vijiko. Hakuna aliyefikiria kitu. Tukala mandazi.

Ikapita Jumatano moja, mbili, tatu.

Siku hiyo nakumbuka kulikuwa na joto la mwezi wa kwanza, lile la kuyeyusha lami, na nilikimbilia maktaba kwa ajili ya ubaridi zaidi kuliko mechi. Nikafungua ukurasa. Mstari wa thelathini na mbili una dakika tano tu. Nikashuka chini. Mstari wa mdogo wangu una namba! Dakika kumi na moja. Mipira minne aliyodaka. Faulo mbili. Pointi sifuri, sifuri yangu nzuri, mviringo, imejaa kama yai. Nilipiga ukelele mpaka mzee wa farasi akadhani nimeshinda.

Nikakimbia nyumbani. Mama akaimba. Akampigia shangazi kazini, na shangazi, nilimsikia mpaka nilipokaa, akauliza, "Mchumba amefika?"

"Lazima amefika!"

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Asubuhi simu ikalia. Mdogo wangu analia.

"Yaya, ameumia."

"Nani?"

"Rafiki yangu. Thelathini na mbili. Ameumia goti."

Mimi sikujua kama ni rafiki yake. Hakuwahi kusema, na sisi hatukuwahi kuuliza, tulikuwa tunauliza dakika tu. Kumbe wanalala chumba kimoja. Kumbe siku ya kwanza, mdogo wangu aliposhuka kwenye baridi ile na koti la Sydney, ni yeye aliyempa la kwake. Kumbe ndiye anayemfichia sufuria ya umeme ya wali chini ya kitanda, kwa sababu chuo hakiruhusu kupika chumbani.

"Daktari amesema wiki sita, labda zaidi," akasema. "Nimemwambia nyumbani kuna akina mama wanaomba, hawana mchezo. Mwambie Mama. Waombe kama walivyoniombea mimi, yaya. Vilevile."

Nikaweka simu chini.

"Anasemaje?" akauliza Mama.

"Goti."

"Goti la nani?"

"La thelathini na mbili."

Mama akainuka. Akaenda kwenye droo ya vijiko, akatoa ile picha, akaitandaza. Ile chai ilikuwa imekauka. Kidole gumba cha shangazi kilikuwa juu ya goti la kushoto, sawasawa, kama muhuri wa ofisi.

Kikaitishwa kikao cha dharura Jumamosi. Sijawahi kuona akina mama wa Jumatano wakifika kwa wakati, lakini siku ile walifika kabla ya wakati.

"Nani alitaja goti?" akauliza mama mchungaji.

"Hakuna aliyetaja goti. Tulisema mchumba!"

"Daftari linasema mchumba," akasema mama mchungaji akilionyesha. "Tajiri, wa mbali, mpole. Sasa goti limeingilia wapi?"

Macho yote yakaenda kwenye picha, yakatoka kwenye picha, yakaenda kwa shangazi. Shangazi akaingiza mkono ndani ya kitenge.

"Msinitazame! Mkono huu umebeba wazee miaka mitatu, haujamvunja hata mmoja!"

"Wazee huwa huwabebi ukiwa na upako," akasema Mama.

"Wifi, wewe ndiye uliyesema amwondoe!"

"Nilifafanua!"

Walibishana mpaka jirani wa chini akagonga, na hatukuwa hata tumeanza kuomba. Mwisho mama mchungaji akatoa hukumu: tunafunga siku tatu, bila kula wala kunywa mchana, kwa ajili ya goti la Mmarekani. Shangazi ataomba, lakini mikono nyuma.

Mama akanyoosha kidole. "Nina swali."

"Sema."

"Tukiomba apone, atapona lini?"

"Mungu akitaka, hata kesho."

"Na akipona kesho, anarudi kwenye kiti kesho?"

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, na kila mtu alilijua. Mwezi wa tatu uko karibu. Zile wiki sita ndizo dakika pekee mdogo wangu atakazopata maishani kumwonyesha kocha kwa nini asirudishwe.

"Mama," akasema mama mchungaji taratibu, "tumekosa."

"Sijakataa kuomba," akasema Mama. "Nauliza tu kwa adabu. Daktari amesema sita. Sisi tukiomba mbili, si tutakuwa tunamdharau daktari? Amesoma yule."

Basi wakaomba apone kabisa, vizuri, bila haraka. Na kila maombi yalipofika penye moto, Mama alikumbuka nguo za kuanua.

Jumatatu nikarudi maktaba, nikafungua picha ileile kwenye kompyuta, yenye rangi. Nikaisogelea. Ile soksi ya goti ilikuwa na vyuma viwili pembeni na mikanda ya kubana. Vitu vile mimi navijua. Kule Quakers Hill nusu ya bibi zangu wanavaa, na kila Alhamisi vitambaa vyake vinaletwa kwangu kwenye kapu la bluu, navifua, navianika, navirudisha. Mimi niliyesema fasheni! Nikasoma na maelezo ya chini, neno kwa neno, kwa Kiingereza changu cha kozi: goti lile lilishapasuliwa mwaka wa nyuma. Lilikuwa bovu kabla hata shangazi hajanyanyua mkono.

Unafikiri nilikimbia nyumbani kuwaambia? Sikukimbia. Kwanza, ningeulizwa nani alisema fasheni. Pili, shangazi alikuwa amebadilika. Miaka yote kila akiniona ananiuliza naolewa lini, mbele za watu, kwa sauti. Sasa akiniona ananiita "mama yangu", ananiletea samaki, anapeana mkono na watu kwa vidole viwili tu, asije akamuumiza mtu. Na pale Jumatano kulikuwa kumetulia. Dada mmoja alikuja kuomba bosi wake ahamishwe, mama mchungaji akamwambia, "Tutamwombea bosi afya." Nikasema acha niwaachie wiki moja wafaidi. Ikawa mbili. Ikawa tatu.

Huku nyuma mdogo wangu alikuwa anacheza. Dakika tisa, kumi na nne, kumi na saba. Kufunga, tusidanganyane: pointi mbili, pointi moja, siku moja alifunga tano na dereva wa teksi akazitangaza tisa. Lakini ile safu ya kudaka, mpira ukigonga chuma na kurudi, wote wanaugombea, hapo mdogo wangu alikuwa anaandika saba, nane, kumi. Siku moja akanipigia anacheka.

"Yaya, kocha kaniuliza nani alinifundisha kukaa pale chini ya kikapu. Anasema hakuna anayeweza kunisogeza."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bombani."

Mimi nikacheka, halafu nikageukia ukutani. Kambini maji yalikuwa yanatoka saa moja tu asubuhi, na madumu mia mbili yako kwenye foleni. Nilipomaliza la saba, kazi yangu ikawa bomba na kuni, shule ikaishia hapo. Nilikuwa naenda naye ana miaka sita, namweka mbele yangu, namfundisha. Tanua miguu. Matako nyuma. Viwiko nje. Usimtazame mtu usoni, tazama bomba. Usipigane, wewe kaa tu pale kama mzigo wa mtu mwingine. Akina mama wazima na matiti yao walikuwa wanashindwa kumtoa.

"Akaniambia niwaonyeshe wenzangu," akasema. "Sasa timu nzima wanafanya, yaya. Matako nyuma, wote."

Nikawaona wasichana kumi na wawili wa Kimarekani, warefu kama nguzo, wanajifunza kuchota maji bila maji.

Wiki ya nne akapiga tena, na safari hii akataka Mama. Mama akashika simu kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikamsikia anasema tu "ee... ee... ee mwanangu." Rafiki yake goti halijapungua kuvimba. Daktari ameanza kusema labda asicheze tena msimu huu. Analia kila siku.

"Mama," akauliza mdogo wangu, mpaka mimi nikasikia, "kwani hamkuomba kwa nguvu?"

Mama anaweza kumdanganya mtu wa ofisi yoyote duniani. Nimemwona. Lakini kwa mwanawe alishindwa.

Akakata simu, akafunga mlango wa jikoni, mimi nikiwa upande wa nje na kitambaa cha vyombo. Nikasikia magoti yake yanagusa sakafu, na yeye mwenyewe ni mgonjwa wa magoti. Hakupiga kelele. Aliongea kama alivyokuwa anaongea na mtu wa dirishani kule kambini.

"Bwana, ni mimi tena. Goti la kushoto, la yule wa thelathini na mbili, aliyempa mwanangu koti. Liponye. Liponye leo, mimi daktari simjui. Mwanangu akirudi kwenye benchi, arudi. Wakimrudisha huku, nitampokea. Ila usiniache na goti la mtoto wa mtu."

Nikafungua mlango. Nikamwambia yote: vyuma, mikanda, kapu la bluu la Alhamisi, upasuaji wa mwaka wa nyuma.

Mama akanitazama kutoka pale chini.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu!" Akatafuta kitu cha kunirushia, akapata mwiko. "Wiki tatu nimelala na goti la mtu kifuani, wewe unakula samaki wa shangazi yako! Mfupi mwenye roho ndefu!"

Mwiko ukanikosa. Akanyanyuka kwa kushika meza, akajipangusa, akakaa. Akafikiri kidogo.

"Usimwambie shangazi yako," akasema. "Bado. Amekuwa mtu mzuri."

Goti likapona. Wiki ya saba thelathini na mbili akarudi uwanjani, na mstari wa mdogo wangu ukaanza kukonda. Dakika nane. Dakika tatu. Mechi ya mwisho kabisa ya msimu, ile kubwa, alipata dakika mbili na mpira mmoja. Wataalamu wa chai wakasema wao walijua tangu mwanzo, mtoto mzuri lakini hana mikono. Mama akawa anapiga pasi nguo ambazo hazina mikunjo. Chumba cha mdogo wangu akakifagia, akatandika kitanda, halafu akakitandua, asije akaonekana anamwita.

Mwisho wa mwezi wa tatu simu ikalia. Mama akaniashiria nipokee mimi.

"Amebaki," nikasema baada ya muda. "Kocha amemwandika mwaka kesho. Kasema mtu wa kukaa chini ya kikapu vile hamwachi."

"Jina liko kwenye orodha?"

"Liko."

Nikadhani yameisha.

"La ngapi?"

"La saba, Mama."

"La saba," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona anahesabu kwa vidole: watano, halafu mmoja, halafu mmoja.

Wiki mbili baadaye ikaja bahasha ya kaki kutoka Marekani. Nikaifungua Jumatano mbele ya wote. Ndani kuna picha. Ni ileile, mpira kiunoni, msuko, anacheka, safari hii ya rangi na karatasi nzito. Kwa kalamu ya rangi ya fedha mwenyewe ameandika kwenye pembe. Nikawasomea kwa Kiswahili.

"Kwa mama zangu wa Sydney. Asanteni kwa kunifungia siku tatu. Sitasahau. Goti ni zima. Tutaonana uwanjani mwaka kesho."

Wakafurahi, wakapiga vigelegele, kisha taratibu vigelegele vikakatika.

"Mwaka kesho?" akauliza mama mchungaji. "Si amemaliza?"

"Alikuwa wa tatu," nikasema. "Bado wa nne."

"Nafasi ileile?"

"Ileile. Mbele ya mdogo wangu."

Tukamtazama shangazi. Shangazi, bila kuambiwa, akainuka kidogo kwenye kochi, akaweka viganja vyote viwili chini ya makalio, akakaa juu yake.

Mama akachukua picha, akaleta kiti, akapanda, akaipachika ukutani juu ya mlango, juu kabisa, mahali ambapo hata mdogo wangu angehitaji kunyoosha mkono. Akashuka, akavuta kiti.

"Haya," akasema mama mchungaji, akifungua daftari. "Leo tunaomba nini?"

Halafu shangazi, bado amekalia mikono yake, akasema kwa sauti ndogo:

"Yule mchumba... hatukuwahi kumfuta kwenye daftari, sivyo?"

Mama mchungaji akafunua kurasa nyuma. "Yupo."

"Tajiri," akasema Mama.

"Wa mbali."

"Mpole."

Tukasema amina, mikono mapajani.